Hofu ya Mwenyekiti Pantaleo

Kwetu Ushirombo, Oktoba ilikuwa mwezi wa kutembea. Kila jioni jumuiya yetu ilibeba sanamu ya Bikira Maria kutoka nyumba moja kwenda ya pili, tukisali rozari na kuimba, vumbi likitupanda mpaka magotini, na nyumba iliyompokea ndimo alimolala mpaka kesho yake. Mwenye nyumba alifagia njia tangu asubuhi. Hata mwaka ule wa shida, ambao sukari tuliiona kwa nadra kuliko askofu, watu walihangaika wapate chochote cha kuwawekea wageni mbele. Zamu ilifuata njia: ukitoka kwa jirani wa juu unaingia kwa jirani wa chini, hakuna kurukwa.

Isipokuwa nyumba ya Otmar. Hiyo tuliiruka kila mwaka.

Otmar alikuwa fundi cherehani, na nyumba yake ilikuwa katikati, kati ya yangu na ya Pantaleo, mwenyekiti wa jumuiya. Aliishi na mama yake, Bibi Lukresia, pamoja na Gelasius, mchimba dhahabu aliyekuja kupanga chumba msimu mmoja wa mvua na hakuondoka tena. Gelasius alikwenda machimbo ya Nyarugusu akarudi, akaenda akarudi, na kila akirudi alirudi pale. Hakuna kati yao aliyeoa. Watu wakasema wanayoyasema watu, kwamba wale wawili wanaishi kama mume na mke. Mpaka leo wapo wanaoniuliza kama ilikuwa kweli, na mimi huwauliza wao walitaka kuolewa na yupi.

Basi hatukuingia kwake. Lakini nguo zetu ziliingia. Nani aliyeshona sare za kwaya? Otmar. Magauni ya komunyo ya kwanza? Otmar. Suruali ya Jumapili ya Pantaleo, ile yenye marinda mawili mbele aliyoipenda kuliko shamba lake, ilishonwa na Otmar. Vitambaa tulimpitishia juu ya ua wa minyaa, na juu ya ua huohuo aliturudishia nguo zilizokwisha pigwa pasi. Suruali zetu zilikuwa na adabu kuliko sisi, maana zenyewe zilifika mpaka ndani.

Mwaka huo, Oktoba ilipokaribia, Otmar alinijia nyuma ya jiko. Alinisalimu, akakaa kwenye kinu kilicholala. Ndipo akasema.

"Mama Donatus, mimi sijiombei. Mimi nimezoea. Ni mama. Kila mwaka anasikia mnapita, ananiuliza mbona hamwingii. Namwambia zamu ilianza upande wa pili, haitatufikia. Mwaka huu miguu imekufa kabisa na macho yanakwenda. Ananiambia nimwogeshe, nimvalishe, nimtoe uani, asije akapitwa."

Bibi Lukresia alikuwa ndiye aliyenipokea mimi nilipoolewa mtaa ule sijui hata kuwasha moto wa mavi ya ng'ombe. Ndiye aliyenikalia kitandani nilipomzaa Donatus. Na mimi, kila Oktoba, nilipita mbele ya lango lake huku nimeshika rozari, na pale langoni sauti zetu zote zilishuka, kana kwamba tunapita penye msiba. Nilimwambia Otmar amwogeshe mama yake. Jinsi ya kuwafikisha watu ndani nilikuwa sijui bado.

Njia ilikuja yenyewe, tena kwa mkono wa Felician, katekista wetu. Padre alikuwa amempa gazeti la Kikristo la ng'ambo, la Kiingereza, na Felician alilisoma kama mtu anayechambua mchele, neno baada ya neno. Siku tulipokutana kwangu kupanga mwezi wa rozari alikuja nalo kwapani. Akatueleza kuwa huko Wakristo wanagombana vikali juu ya wanaume wanaopendana wao kwa wao, na katika ugomvi huo kuna neno linarushwa huku na huku: homofobia. Alikuwa amemuuliza padre maana yake. Padre alimwambia ndani yake mna hofu, hofu ya kumwogopa mtu wa namna hiyo, na kwamba siku hizi linatumika pia kwa chuki na ubaguzi. Upande mmoja unasema kanisa linaumwa ugonjwa huo. Upande wa pili unajibu: hatuumwi, tunashika Maandiko, acheni kututukana.

Hakuna aliyetaja jina la Otmar. Haikuhitajika. Ng'ambo ya ua cherehani yake ilikuwa inalia, na tulipofika hapo kwenye maneno ya Felician ikakoma.

Scolastika, mama muuza dagaa ambaye hajawahi kuogopa mtu mzima, alisema padre kakosea, hofu haipo hapo, ni chuki tu iliyovaa nguo ya Jumapili. Wengine wakasema hapana, ni kutojua. Pantaleo akasimama. Alikuwa na kifua kipana na sauti ya kuitia ng'ombe, na alipozungumza alishika mkanda wa suruali, ile ile.

Alisema neno hilo limetengenezwa kuwafunga watu midomo. Leo mtu akisema mafundisho yanasema hivi, anaambiwa wewe mgonjwa, kalale. Mgonjwa hajibiwi, anatibiwa. Je, hayo ni mabishano ya Wakristo au ni matusi? Sitasema uongo, hapo alikuwa na hoja, na Felician mwenyewe alikubali kwamba katika gazeti lile neno lilirushwa mara nyingi kama jiwe. Ingeishia hapo tungemshangilia. Lakini Pantaleo hakujua kuishia.

"Mimi nina imani," akasema. "Hofu sina. Nimeshika swila kwa mkono huu. Pantaleo aogope nini?"

Sasa ni lazima mjue kwamba kabla ya ubatizo Pantaleo alikuwa kijana wa Bayeye, chama cha wacheza nyoka wa Kisukuma. Alivaa chatu shingoni sokoni, wanawake wakakimbia na ndizi zao. Hajawahi kuacha kutusimulia. Alikuwa na somo lake alilolitoa kila mtoto akilia kwa kuogopa kitu: hofu haitoki kwa maneno. Ukimwogopa nyoka, unaingia alimo, unakaa naye, unamwacha akuzoee na wewe umzoee. Anayekataa kuingia, hata akiwa na sababu mia, anaogopa.

Nikasimama. Mume wangu, Januari, akanivuta kanga, maana ananijua. Nikaivuta kanga yangu.

"Mwenyekiti," nikasema, "imani inatukataza kusali rozari kwenye nyumba ya mgonjwa?"

Akasema haikatazi. Nikamuuliza kama inakataza kula ugali uliopikwa na mtu asiyeoa. Akasema haikatazi, mbona padre hajaoa na tunakula kwake. Watu wakacheka kidogo.

"Basi kinachotuzuia pale langoni kwa Bibi Lukresia si imani. Na kama si imani, wewe ndiye uliyetufundisha jina lake. Otmar aniwie radhi kwa kumweka na nyoka. Tukipita tena mwaka huu bila kuingia, Felician ana neno na sisi tuna maana yake. Tukiingia, neno tutawarudishia wenyewe ng'ambo, waendelee kugombana nalo."

Pantaleo alinitazama, akamtazama Felician, akautazama ua. Msukuma aliyewahi kuvaa chatu umwambie mbele ya watu kwamba anaogopa cherehani! Niliona jasho likimtoka kwenye paji la uso, na moyoni nilicheka mpaka mbavu zikauma, Mungu anisamehe.

"Nitaibeba sanamu mimi mwenyewe," akasema. "Mtafuata nyuma."

Ng'ambo ya ua cherehani ilianza tena, kwa kasi kubwa, na baadaye tukasikia Gelasius anamkaripia Otmar kwamba kashona mfuko kwenye mgongo wa shati.

Mama Maria alilala kwangu, na kesho yake jioni tukatoka. Njia ya kwa Otmar ilikuwa imefagiwa mpaka ikang'aa, maua ya manjano yamemwagwa kutoka kwangu hadi mlangoni. Pantaleo alitangulia na sanamu kifuani. Tulipofika langoni sauti zikaanza kushuka kwa mazoea, na yeye akasimama. Alisimama pale muda wa Salamu Maria nzima. Nilidhani atapita. Halafu akashusha pumzi kama mtu anayeingia mtoni asubuhi, akainamisha kichwa chini ya kizingiti cha lango, akaingia. Mimi nikapandisha wimbo juu kabisa, na waliokuwa wanasitasita nyuma wakasukumwa na waliokuwa nyuma yao.

Bibi Lukresia alikuwa kwenye kiti cha kamba katikati ya uwanja, amepakwa mafuta, amevaa gauni jipya jeupe lenye kola ya nakshi, kazi ambayo Otmar hakuwahi kumshonea hata mke wa mkuu wa wilaya. Aliinua uso akageuza sikio.

"Poleni na safari," akasema. "Mmetoka mbali sana."

Tulitoka kwangu. Nyumba zetu zinachangia ua. Kicheko kilitutoka watu wote kwa pamoja, na wengine, nikiwemo mimi, tukicheka machozi yalikuwa yanatiririka. Tukapanga foleni kumsalimu. "Mwadila, mayu," tukamwamkia mama yetu kwa Kisukuma, na yeye akatutaja mmoja mmoja kwa sauti zetu: huyu Scolastika, huyu Januari, huyu si mtoto wa Paskazia, mbona sauti imeota ndevu.

Tulisali. Sijawahi kusikia rozari ikisaliwa kwa haraka vile, maana harufu ya mapishi ya Gelasius ilikuwa inatuita. Alitoa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa kwa karanga, akatoa kuku, akatoa nsansa ya majani ya kunde na ugali wa mtama. Alihudumia huku amejifunga kanga kiunoni juu ya suruali yake ya mgodini, akiwatania wanaume kuwa wanakula kama wamefukiwa shimoni wiki nzima. Otmar hakukaa. Alizunguka na jagi la maji ya kunawa, na alipofika kwa Pantaleo alimtazama usoni badala ya mikononi, maji yakaingia kwenye suruali yenye marinda. Pantaleo akaitazama, akasema kwa upole kwamba haina neno, fundi yupo.

Ndipo Bibi Lukresia akamwita mwenyekiti akae karibu yake. Akampapasa uso, akampapasa bega.

"Wewe mwanangu ulikuwa unashika nyoka," akasema. "Nilikuona sokoni. Hapa kwangu uliogopa nini?"

Watu wakaacha kutafuna. Pantaleo angeweza kusema imani. Angeweza kusema mafundisho, na hakuna ambaye angembishia mbele ya mgonjwa. Akatutazama, mmoja mmoja, kama mtu anayehesabu mifugo.

"Hawa, mayu," akasema. "Niliwaogopa hawa. Wangesema Pantaleo kafuata nini kule."

"Na wao?"

Scolastika ndiye aliyejibu. "Sisi tulikuogopa wewe, Mwenyekiti."

Januari wangu, ambaye hasemi, akasema yeye aliniogopa mimi. Nikamwambia baada ya kufikiri kidogo kwamba mimi nilimwogopa Scolastika. Bibi Lukresia akacheka mpaka Otmar akaja mbio kumshika kiti.

Kesho yake jioni tulikwenda kumchukua Mama Maria tumpeleke kwa Pantaleo, kama zamu inavyotaka. Mke wake alikuwa amefagia tangu alfajiri. Tukamkuta Bibi Lukresia amevaa gauni lilelile, sanamu iko mapajani, ameizungushia mikono yote miwili.

"Kila mwaka mmenipita," akasema. "Mwaka huu atakaa hapa mpaka mwezi uishe. Mnaotaka kusali, mlango mnaujua."

Felician akafungua mdomo aeleze utaratibu. Pantaleo akamfinya. Basi Oktoba yote iliyobaki ikasaliwa uani kwa Otmar, kila jioni, na mwenyekiti alikuwa wa kwanza kufika, amebeba kigoda chake mwenyewe.