Ukivuta, Usipige

Dada mtu alikuwa na kazi moja tu siku ile: kupiga picha ya macho ya mdogo wake. Si sura, si jezi, macho! Dogo ni kipa, na baba yao, kipa wa enzi zake, alishamwita Fumba mbele ya watu kwa sababu penalti ikipigwa hufumba macho. Tangu hapo hawasemezani. Sasa baba kalala nyumbani, mguu umefungwa plasta, na kauli yake ni moja: hataki kusimuliwa.

"Siku hizi sifumbi, dada, haki ya Mungu," dogo alisema asubuhi akitafuta glavu zake. "Nipige picha, mzee aone mwenyewe."

Dada mtu yeye amezoea picha za pasipoti, mteja kaketi kimya mbele yake. Uwanjani ni habari nyingine. Mjomba wao, mpiga picha za harusi, alimwazima lenzi ndefu, nzito kama tofali, inayovuta mpaka upande wa pili wa uwanja. Akiwa juu ya pikipiki, haraka zimemshika, alimwachia somo moja: "Ukivuta, usipige! Ukishatoa ndipo upige!" Huyoo, akaondoka.

Basi dada akatii. Kipindi chote cha kwanza hakuivuta lenzi hata kidogo. Golini kulionekana kijidudu chenye glavu. Akiikuza picha, uso unakuwa uji. Jasho likamtoka. Alishaanza kutunga maneno ya kumwambia baba.

Wakati wa mapumziko mjomba akatokea, akatazama kamera, akaguna. "We mama, unapiga picha au unachora ramani? Mbona hukuvuta?"

"Si ulisema nikivuta nisipige?"

Mjomba alicheka mpaka akachuchumaa. "Pumzi! Ukivuta pumzi mwili unatikisika, na lenzi ndefu hukuza kila kitu, hata mtikisiko. Toa pumzi, tulia, bonyeza. Lenzi yenyewe ivute mpaka ikome!"

Aibu ilimshika, lakini kicheko kikaishinda. Mjomba akambana viwiko mbavuni, akamwekea mkono wa kushoto chini ya lenzi, akapandisha kasi ya kamera. "Lenga jicho. Jezi achana nayo."

Mechi inaelekea ukingoni, timu ya dogo inaongoza mbili bila, filimbi ikalia: penalti dhidi yao. Dada akavuta lenzi mpaka dogo akajaa kwenye kioo. Mpigaji akaja mbio. Dada akatoa pumzi taratibu, akabonyeza.

Goli! Uwanja ukalipuka. Dada hata hakujua mpira umepita wapi. Aliikuza picha, akaikuza tena. Mpira uko hewani, karibu na glavu, na nyuma yake macho mawili, wazi kabisa, kope zinahesabika. Jamani! Alikaa chini kwenye majani, akicheka peke yake.

Nyumbani baba aliishika kamera muda mrefu. Dogo alisimama mlangoni, haingii, hatoki.

"Umefungwa," baba akasema.

"Nimefungwa, mzee. Ila tumeshinda."

"Ulikuwa unautazama mpira."

"Mpaka unaingia."

Baba akakohoa, akapangusa macho kwa kiganja, akausogeza ule mguu wa plasta ili nafasi ipatikane kitandani.

"Njoo ukae hapa, kipa. Nikuonyeshe mkono ulikosea wapi."