Kanteri Juu ya Matofali Yangu

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili Pasta Natanaeli asinitangulie, maana yeye ameshaisimulia kanisani mara nyingi, na kila akirudia ananiongezea ujinga kidogo.

Kanteri yangu, lori dogo ninalobebea maharage kutoka Kashojwa, ilivunjika resori ya nyuma, yaani springi, nikiwa Mbarara, siku mbili kabla ya harusi ya Orpa. Orpa ni mdogo wa mke wangu, na harusi ilikuwa Oruchinga. Nilikuwa nimeahidi kubeba kwaya nzima. Kwaya yetu ina wamama wa sauti ya pili, watu waliobarikiwa mwili. Resori nzima huwapokea kwa kuguna, iliyovunjika ingekataa kabisa.

Fundi Ngoga aliniuzia resori iliyotumika, ila kuifunga hakuweza kabla ya Jumatatu. Nikamwambia nitaifunga mwenyewe nyumbani. Akaniangalia kama anayemwangalia mtu aliyesema atajing'oa jino.

"Mzee, sikia. Jeki ni ya kuinua tu, si ya kulala chini yake. Weka mawe kwa matairi ya mbele. Weka stendi za chuma chini ya chesisi, huku na huku. Halafu sukuma gari na bega. Ikicheza, wewe usiingie. Beba hizi stendi zangu, utarudisha. Sawa, ssebo?"

Stendi zenyewe zilikuwa zimelowa grisi, na kitini nilikuwa nimepakia keki ya harusi. Nikacheka. "Asante, ndugu yangu. Kwangu stendi ziko mingi."

Nilimaanisha matofali yangu. Hapa Kashojwa hakuna anayepiga matofali ya udongo kama mimi: udongo, nyasi, maji, kisha jua linamaliza kazi. Nyumba yetu niliijenga kwa hayo, na imepigwa na mvua zote bila kuinama. Ikiwa tofali linabeba nyumba, nikajiambia, Kanteri ni nani?

Nikarudi polepole, gari limelalia upande mmoja kama mlevi anayetafuta ukuta. Kesho yake asubuhi nikaweka mawe kwenye matairi ya mbele, maana hata mjinga ana mipaka. Nikainua kwa jeki, nikatoa magurudumu ya nyuma upande ule, nikapanga minara miwili ya matofali chini ya chesisi, nikaishusha Kanteri juu yake. Ilipendeza. Nilirudi nyuma kidogo kuitazama.

Mke wangu Pélagie alikuwa anachagua maharage mlangoni.

"Papa Patient, ile ni nini?"

"Stendi."

"Ile ni udongo."

"Ni udongo wenye nilipiga miye mwenyewe."

"Ndiyo maana naogopa. Ule fundi hakusema usukume na bega kwanza?"

Kosa lilikuwa langu. Jana yake nilikuwa nimemwigiza Ngoga mbele yake ili tucheke. Basi nikaisukuma Kanteri kwa kidole kimoja, kwa heshima, na kwa kuwa haikusema neno nikaingia chini.

Nikiwa nimelala chali, nikaona gurudumu linaviringishwa kuja kwangu. Likalazwa chini ya chesisi. Likaja la pili, likalazwa juu ya lile la kwanza.

"We mama! Unanizibia mwangaza!"

"Natafuta fasi ya kuyaweka. Yananizuia njia."

"Uwanja wote huu umekosa fasi?"

"Fanya kazi yako, Papa Patient. Miye nafanya yangu."

Bolti ilikuwa imeshika kutu. Nikaipiga nyundo mara ya kwanza, nikaipiga tena, na mnara wa kushoto ukatoa sauti ya mtu anayetafuna karanga. Sikupata hata nafasi ya kuomba. Vumbi likaniingia mdomoni, Kanteri ikashuka, ikasimama. Nilipofumbua macho, ncha ya pua yangu ilikuwa inanusa grisi ya difu, na chesisi ilikuwa imekaa juu ya magurudumu yale mawili, imetulia kama mgeni aliyepewa kiti.

Nilitoka kwa kutambaa kinyumenyume. Pélagie alikuwa amesimama na ungo mikononi, maharage yote yamemwagika. Hakunitukana. Alimwita jirani yetu Rénovat mwenye pikipiki, akamtuma Mbarara kwa stendi za Ngoga. Jioni resori ilikuwa imefungwa juu ya chuma, nami nimeisukuma Kanteri kwa bega mpaka bega likavimba.

Kwaya ikafika Oruchinga ikiimba. Mezani, Pasta akasema mbele ya wakwe wote kwamba ni maombi yake yaliyonitoa chini ya gari. Nikaona nisipotetea matofali yangu hapo, sitauza tena hata moja.

"Pasta, maombi sawa, lakini musidharau matofali! Yalishikilia kwanza, yakachoka baadaye. Nyumba yangu imesimama juu ya hayohayo matofali miaka yote hii. Iko mutu aliona ikianguka? Mama Patient, sema!"

Pélagie akaweka chini kipande chake cha keki.

"Ile nyumba imesimama juu ya mawe. Niliyafukia miye ndani ya msingi mbele uanze kujenga, ile siku ulienda Mbarara kutafuta mabati."