Spika Nilizozichagua Mwenyewe

Corolla yangu ni ya mwaka 1994, na karatasi za spika za milango yake ya mbele zilikuwa zimechanika kwa uzee. Besi ya kwaya ilitoka ikikoroma kama debe lililotiwa maharage. Nilipoamua kuzibadilisha, nilifanya kama nifanyavyo kwa kila jambo: nilichukua rula na daftari, nikapima upana wa kila tundu, nikaandika, nikapigia mstari.

Hafidhi, fundi wa redio za magari mwenye banda pale Rau, mjini Moshi, alilisoma daftari langu kwa heshima.

"Upana upo, Mwalimu. Kina je? Kioo cha dirisha kinashukia nyuma ya spika. Niruhusu nifungue mlango, dakika kumi tu."

"Hafidhi, nimefundisha vipimo kwa miaka ishirini na sita."

"Ndiyo maana nakuomba kwa adabu," akasema, na wateja wakaangua kicheko.

Nami nilicheka, lakini sikumruhusu. Alinionyesha spika nyembamba. Nikaziona dhaifu, nikazikataa. Nilichagua zenye sumaku kubwa, nzito mkononi, nikanakili namba yake daftarini, nikaondoka nazo ili nizifunge mwenyewe nyumbani Kidia, mlimani.

Zilienea kwenye matundu sawasawa. Nilipokishusha kioo, kiligota katikati. Hakishuki wala hakipandi. Nilizing'oa nikatafuta kosa kila mahali isipokuwa kwangu, na nikalipata: Hafidhi alikuwa amenibadilishia spika wakati wa kufunga boksi.

Jumamosi nilisimama mbele ya banda lake likiwa limejaa watu.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema. Sikuitikia.

"Ninyi watu wa mjini," nilisema, kwa sauti ile inayofika dawati la mwisho, "mmezoea kutuona sisi wa mlimani wajinga. Huyu amenionyesha spika hizi, akanifungia nyingine. Ni mwizi."

Bernadetha, mkulima wa mpunga wa Mabogini ambaye watoto wake wanne wote nimewafundisha, alirudisha mezani redio aliyokuwa ameishika.

"Kama Mwalimu amesema, basi," alisema, akaondoka. Wengine wawili wakamfuata.

Jioni, mke wangu Eunike alikuwa akisafisha mezani nilipoziacha zile spika pamoja na daftari langu. Aligeuza moja, kisha akaniita.

"Baba, namba hii ya nyuma ya spika, si ndiyo uliyoiandika hapa kwa mkono wako?"

Ilikuwa hiyo hiyo. Nilichukua rula nikapima kina cha mlango, kisha sumaku. Ilizidi kwa sentimita mbili. Nilipima tena mara tatu, nikitumaini rula itanihurumia.

Kwa siku nne nilikwenda shuleni kwa njia ya mzunguko ili nisipite Rau. Siku ya tano mama yangu, Ndelilio, ambaye Eunike alikuwa amemweleza yote, alikwenda kwenye mpaka wa kihamba, shamba letu la migomba, akakata jani la isale.

"Mpelekee," alisema. "Anayeletewa isale hakatai kusamehe. Hata watu wa mjini wanalijua hilo."

Nakiri kwamba nililipokea kwa furaha, na kwa sababu hiyo tu: kwamba asingeweza kukataa.

Nilifika bandani adhuhuri, Hafidhi akiwa peke yake. Aliliangalia jani bila kunyoosha mkono.

"Mimi nimezaliwa Moshi, Mwalimu. Nikilishika hilo, lazima niseme yamekwisha. Lakini mwizi uliniita mbele za watu. Msamaha unauleta saa ambayo hata paka hapiti."

Masikio yaliniwaka kama ya mwanafunzi aliyekutwa akinakili. Saa ile nilikuwa nimeichagua; nilizunguka mtaa mara mbili nikisubiri mteja wa mwisho aondoke.

"Nifanye nini, Hafidhi?"

"Unaniuliza mimi? Mwalimu ni wewe."

Nililishusha lile jani. Kisha nilimwomba afunge banda tuongozane hadi kwa Bernadetha. Alinitazama kama anayepima jambo, akachukua ufunguo.

Tuliteremka kwa Corolla yangu hadi Mabogini, matundu ya spika milangoni yakiwa wazi. Bernadetha alitoka shambani akiwa na tope hadi magotini. Alipomwona Hafidhi, uso ulimbadilika.

"Shikamoo, Mwalimu. Na huyu mwizi umemkamata?"

Hafidhi aligeuza uso akatazama mpunga. Majirani wawili waliokuwa mferejini waliinua majembe wakasogea kusikiliza. Bernadetha akanisubiri, kama watoto wake walivyokuwa wakisubiri nitamke jibu sahihi.

"Hakuiba," nilisema. Sauti haikufika mbali, nikarudia ili wa mferejini nao wasikie. "Alinikanya, nikamdharau. Spika nilizichagua mwenyewe. Kosa lilikuwa langu, nikamtwika yeye."

"Mbona ulisema kwa uhakika vile?" Bernadetha akauliza.

"Kwa sababu nilijua mtaniamini," nilimwambia.