Darasa la Nne Laenda Bustanini na Majembe

Wewe mzazi, usijifanye husikii. Kila Ijumaa mwanao anatoka na jembe kwenda shule, na wewe ghafla unainama kufunga kamba za viatu.

Basi sikia ya juzi. Mwalimu Wanjugu, aliyekuja hapa Kangemi mwaka huu wa sabini na mbili, aliwatangazia watoto wa darasa la nne: "Jumanne tunaenda bustanini!" Alimaanisha ile ya serikali, ya miti ya kutazamwa, kule karibu na mjini. Siku hiyo akatangulia langoni kuomba wapokelewe. Mimi, mzazi mwenzako, nikapanda lori na watoto, hedimasta Gichuru akakaa mbele na tai yake. Majembe niliyaona. Nikanyamaza makusudi, ili na watu wa huko wayaone.

Langoni askari Kilonzo akaruka. "Simama! Hizo jembe ni za nini?"

"Kulima, afande!" darasa zima.

"Mlime miti ya serikali? Ingine imetoka Brazili!"

"Palizi ni palizi, afande," akasema Munyiva, kiranja wao. "Tuonyeshe mistari, tumalize, tule."

"Rudini kwenu! Mtanifutisha kazi."

Mwalimu Wanjugu akamsihi karibu alie. Watoto hawa hawajawahi kupelekwa popote.

"Sasa nani aliwafunza bustani ni kulima?" Kilonzo akawauliza watoto.

Vidole vyote vikaelekea kwenye tai. "Hedimasta! Tunampalilia viazi bustanini kwake Dagoretti."

Gichuru akakohoa. "Lile ni somo la kilimo, bwana askari."

"Na viazi vyenyewe?"

"Hivyo si somo," akasema Munyiva. "Hivyo hupanda lori hili hili kwenda sokoni."

Kilonzo akacheka mpaka akashika lango. "Watoto waingie. Jembe zibaki nje. Na wewe, mzee wa tai, baki uzichunge!"

Akabaki, wallahi, juani.

Ndani watoto walitembea kama walioingia nyumba ya watu.

"Mwalimu, huu mti kazi yake nini?"

"Kutazamwa."

"Na sisi?"

"Kutazama."

Wakaangaliana. Hawakuamini. Mmoja alichutama akaanza kung'oa nyasi, kwa usalama tu.

Kesho ni Ijumaa. Gichuru ametangaza palizi mpaka jioni, na Munyiva amepewa shamba la mtelemko wote, peke yake, kwa ajili ya mdomo. Weka hicho kikombe cha chai chini. Kagonge kwa jirani, naye agonge kwa wake. Alfajiri tusimame mbele ya lori hilo linalowapeleka Dagoretti, na lisitoke.