Fundi Aliyefanywa Mshenga

Sikuchaguliwa kuwa mshenga kwa sababu ya busara. Niseme mapema nisije nikasifiwa bure. Nilichaguliwa kwa sababu gari la Rwehumbiza lilikuwa haliwezi kwenda kilomita thelathini bila fundi ndani yake, na kutoka Pasiansi hadi kwa kina Justa, ng'ambo ya Busisi, ni zaidi ya hapo.

Gari lenyewe ni la Kijerumani, jeusi, milango minne, la mbio, na lina miaka kumi na saba tangu litoke kiwandani. Rwehumbiza, mwalimu wa chuo, Mhaya wa Bukoba asiyechanganywa na maji, alilinunua kwa mtu aliyekuwa anahama mji kwa haraka. Ile haraka ingemshtua mtu mwingine yeyote. Mwanza hii ukitaka spea ya gari la Kijapani, hata muuza dagaa atakuelekeza duka. Ukitaja Mjerumani, wauzaji wanaitana waje wakutazame. Pampu ya maji tuliagiza Dar, ikaja kwa basi imefungwa vizuri kwenye gazeti, ikawa ya gari la dizeli. Ya pili ilitoka Nairobi, ikawa ya toleo jingine. Ya tatu niliilazimisha ikae, nikaziba pembeni kwa gundi, kisha nikamwonya asipande mlima. Mji wote huu ni vilima na mawe, na mimi namwambia mtu asipande mlima.

"Fundi," alikuwa ananiambia, "haya magari hayataki watu wa kubahatisha."

Aliyekuwa anabahatisha ni mimi, kwa miaka miwili, na aliyekuwa ananipigia simu kila Jumatatu ni yeye.

Justa ni muuguzi, binti wa Mzee Shigela, mfugaji. Walikuwa wamependana miaka mitatu, na kwamba Rwehumbiza alimpenda kweli silibishi. Alikuwa anakaa gerejini kwangu akinisimulia habari za binti huyo mpaka nasahau nati nimeiweka wapi. Justa alimwambia apande basi tu, nyumbani kwao hawana makuu. Mwenzangu akasema hawezi kwenda kuposa akiwa na vumbi la basi, lazima wakwe waone ni nani anakuja. Haya, wakaona.

Tulikwenda watatu. Nyuma alikaa baba mdogo wa Rwehumbiza, mzee Rugambwa, aliyeshuka na meli kutoka Bukoba akijua kwamba mshenga ni yeye. Alipoambiwa mshenga ni fundi, na kwamba kazi yake yeye ni kushika dumu la maji ya injini, alivua kofia, akaingia. Vitenge vya mama mkwe vilikuwa magotini pake, kwa sababu kwenye buti nilipanga vifaa. Tulisimama mara mbili kulinywesha gari. Kwenye daraja la kwenda Busisi gari lilikwenda vizuri, na Rwehumbiza akapunguza mwendo ili watu walione.

Mzee Shigela alitupokea uani akiwa na kaka zake wawili. Tukaamkia, wakaitikia, tukakabidhi vitenge, tukapewa viti. Kwa simu tulikuwa tumekubaliana mahari ya ng'ombe kumi na wawili, kwa hiyo nilidhani kazi yangu ni kushukuru tu. Lakini mzee hakukaa. Alilizunguka gari pole pole, akaliinamia mbele, akaligonga ubavuni, jinsi anavyomkagua dume mnadani.

"Huyu anakula nini?" akaniuliza.

"Petroli, mzee. Ile ya bei ya juu tu, nyingine inamdhuru."

"Ana miaka mingapi?"

"Kumi na saba."

"Huwa anaumwa?"

Rwehumbiza alinikanyaga mguu. Nikasema huumwa kidogo kidogo, kama sisi sote.

Mzee akarudi kwenye kiti chake akiwa ameridhika. Akasema mtu anayeweza kulisha mnyama wa namna hii, tena mzee, hawezi kushindwa na ng'ombe ishirini. Kaka zake wakaafiki. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba lile gari lilikuwa limetupandishia mahari kwa ng'ombe wanane kwa kule kusimama tu uani.

Nilijieleza kadiri ya uwezo wangu. Nilisema mwalimu ana mshahara, hana zizi. Mzee akawaza, kisha akatazama ng'ambo ya barabara, kwa jirani yake Chenge, ambako mbele ya nyumba palikuwa na pikapu iliyooshwa.

"Basi leteni hao kumi na wawili," akasema, "na gari libaki hapa badala ya wale wanane. Hata lisipotembea. Lisimame pale, wanaopita walione."

Jamani, nilitaka kumkumbatia. Mimi ndiye ninayejua kilichomo chini ya boneti ile. Halifiki thamani ya ng'ombe wawili, na mmojawapo awe amekonda. Hapa mtu anamaliza mahari, anaondokewa na ugonjwa wa miaka miwili, na anaondoka na Justa. Mzee Rugambwa kwa mara ya kwanza siku hiyo alitabasamu. Nikamgeukia bwana harusi ili aseme ndiyo, tunawe tule.

Alikuwa analitazama gari.

Justa alikuja wakati huo na beseni na jagi la maji ya kunawa, akapiga magoti mbele ya baba yake. Rwehumbiza alimwona vizuri. Kisha akasema, kwa adabu kabisa, "Mzee, ng'ombe nitatafuta, hata wote ishirini. Gari kama hili halipatikani tena."

Hakuna aliyenawa. Justa aliliweka beseni chini bila kumwaga tone.

"Mimi ninapatikana?" akamuuliza.

Rwehumbiza alianza kueleza. Alisema hilo ni jambo jingine, wasichanganye, hata pampu tu ilichukua miezi mitano. Alipofika kwenye pampu, Justa alikuwa ameshasimama.

"Baba, warudishie vitenge vyao," akasema, akaingia ndani.

Mzee Shigela hakubishana na binti yake. Chakula hatukula.

Kurudi, tulivuka daraja bila shida. Tulipofika Kigongo, upande wetu wa daraja, Rwehumbiza akatikisa kichwa, akanipiga bega kama mtu aliyenusurika ajali.

"Fundi, uliona? Yule mzee alitaka kutuibia gari."

Niliuondoa mkono wake begani kwangu. Nyuma, mzee Rugambwa alikuwa amefunika uso kwa vitenge vya mama mkwe, analia.