Kamba Upande wa Mto

Haya yote ni kweli tupu. Kama nimeongeza hata neno moja, nyani wale mahindi yangu pamoja na magunzi.

Kavuo alikimbia vita kule Kamango na binti yake Tamar, kakao ikabaki inaozea mutini. Wakafikia kwa jirani yangu hapa Butembo. Tamar iko sixième scientifique, mwaka wa mwisho wa sekondari, mutihani ya examen d'État inakaribia, donc nikaanza kumufundisha dérivée ya hesabu. Nilimwambia nilisomea Ulaya, na professeur wangu alilia siku niliyomuaga.

"Angalia moto, pikipiki ile, inapanda kilima," nilisema. "Dérivée ni ukali wa mupando pale tu gurudumu inakanyaga. Kule juu kabisa, moto haipande, haishuke: sifuri. Ukitafuta kubwa kupita zote, tafuta sifuri."

Alishika haraka kuliko mimi.

Syauswa, mwenye mashamba kando ya mto, akamuhurumia Kavuo. Akamupa kamba ya metre makumi ine. "Mama, funga pale ukingoni. Chenye kamba itazunguka, lima mpaka amani irudi."

Nikajitokeza. "Carré, mraba. Carré haina mupinzani." Nikapiga vigingi vine, kumi kwa kumi, kamba hata upande wa maji.

"Babu," Tamar alisema, "lakini ku mto..."

"Mutoto, nyamaza. Calcul imeisha."

Mashahidi wa mapatano wakanywa kasiksi, pombe ya ndizi, na kasiksi ikishanywewa, neno halirudi. Ndipo Tamar akachora chini kwa kijiti.

"Mto iko ukuta, haiombe kamba. Pande mbili ni x, ya tatu ni 40 toa 2x. Eneo: 40x toa 2x². Dérivée: 40 toa 4x. Sifuri iko pa kumi. Kumi kwa makumi mbili, Babu. Umetukatia nusu."

Kavuo hakulia. "Muzee, ulifunga maji kamba ili yasitoroke? Kule Ulaya hakuna mito?"

Watu walicheka mpaka nikasema ukweli: Ulaya sijafika, kitabu changu kilitoka soko ya Kirumba, kwa mama wa karanga. Kurasa za dérivée zilibaki. Zile za kuitumikisha, alikwisha kufungia karanga.

Syauswa alikataa kupima tena.

"Nusu shamba inalisha nusu mwaka," Kavuo aliniambia. "Nusu ingine tutakula carré yako?"

Nikawakatia shamba langu la nyuma ya nyumba, ukubwa ule ule niliowapotezea. Tamar ndiye aliyepima. Mama yake akachagua upande wenye maharagi yaliyokwisha kutoa maua.

Sasa ninanunua maharagi kwa Kavuo, na hanipunguzie bei.