Programu Mbili za Mjukuu Wangu

Haya, tegua hiki: nyumba haijajengwa, lakini wenyewe wanatembea ndani. Umeshindwa? Ni chipu ya kompyuta ya mjukuu wangu, injinia. Kabla haijaundwa, huigizwa kwenye kompyuta ili makosa yaonekane.

Leo alipaswa kumwambia bosi wake wanunue programu ipi ya kuigizia. Alipozijaribu mbili, moja ilimaliza kuigiza kwa dakika nne, nyingine arobaini.

"Bibi, ya haraka imeshinda!"

"Na zote mbili ulizibebesha mzigo mmoja?"

Akacheka. "Bibi naye! Tangu lini umekuwa fundi?"

Lakini hakuituma barua pepe ya kumjibu bosi. Akafungua mipangilio ya programu ya kwanza, akaisoma, kisha ya pili. Chai yake ikapoa.

"Hapana, Bibi," akasema mwishowe. "Ya polepole niliiagiza iandike kila hatua. Ya haraka sikuiagiza iandike chochote. Mzigo haukuwa mmoja: kuandika huko nako huchukua muda."